Imeshatua salama, mbona imegeuka? Fizikia ya ndege yenye gurudumu mkiani

Simama karibu na kiwanja cha ndege cha Mpanda siku ambayo Air Tanzania wana safari. Q400 inashuka, magurudumu makubwa yanagusa lami, pua inateremka taratibu, gurudumu la mbele nalo linagusa, na ndege inanyoosha moja kwa moja kama treni kwenye reli. Kazi ngumu imeisha. Ndani kuna abiria ambao tayari wanatafuta simu zao.

Sasa hamia kwenye kiwanja cha vumbi, kusini mwa mji, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Nikiwa darasa la sita nilisimama na mjomba wangu kando ya kiwanja kama hicho tukitazama ndege ndogo ya watu wawili ikitua. Ilitua vizuri tu. Ikakimbia kidogo, vumbi likatimka nyuma, sisi tukaanza kupiga makofi. Halafu pua ikaanza kwenda kushoto. Mwanzoni ilikuwa kidogo sana, ungedhani rubani anakata kona kwa makusudi. Mara ikazunguka kwa kasi, bawa la kulia likachota udongo, mguu mmoja ukakunjika, na ndege ikalala ubavu ikitazama kule ilikotoka. Rubani alishuka mwenyewe, mzima, akakaa chini akishika kichwa.

Mjomba alitoa hukumu hapohapo: "Huyu alilala."

Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka nilipoanza shahada ya uzamili katika uhandisi mitambo na kukaa chini kupiga hesabu za vyombo vinavyotembea kwa magurudumu. Kumbe swali la siku ile lina jibu zuri, na jibu lenyewe linaanzia kwenye umbo la ndege kabla hata hujamfikia rubani.

Tukio lile lina jina. Marubani huliita graundi lupu, yaani kitanzi cha ardhini: ndege iko chini, inakimbia, na inajizungusha bila rubani kutaka. Mara nyingi watu hutoka wazima, lakini bawa, mguu na propela huwa haviponi. Usidhani hiyo ni hasara ya mwenye ndege peke yake. Hifadhi ya Katavi ina kilomita za mraba 4,471, na masika yakishika, udongo mweusi wa mbuga humeza magari. Ndege ya doria ikilala karakana, kuna pembe za hifadhi ambazo askari wa wanyamapori hawatazitupia jicho kwa muda mrefu.

Magurudumu matatu, mpangilio miwili

Ndege nyingi ndogo zina magurudumu matatu. Mawili makubwa, kushoto na kulia, hubeba karibu uzito wote. La tatu ni la kuegemea tu. Swali ni moja: hilo la tatu liko wapi?

Likiwa puani, kama kwenye Cessna 172, Cessna 206 au ile Caravan inayoleta watalii kiwanja cha Ikuu ndani ya hifadhi, ndege husimama sawa na ardhi. Likiwa mkiani, kama kwenye Piper Super Cub, Aviat Husky au Cessna 185, ndege huketi kama mbwa aliyekaa kitako, pua juu, mkia chini.

Macho yako yataona tofauti ya mkao. Fizikia inaona kitu kingine: mahali uzito ulipo. Kila ndege ina kitovu cha uzito, yaani ile pointi ambayo ungefunga kamba na kuining'iniza ndege yote bila kuelemea mbele wala nyuma. Ili ndege isimame bila kuanguka, kitovu hicho lazima kiwe kati ya magurudumu makubwa na lile la tatu. Kwa hiyo:

- gurudumu la tatu likiwa puani, kitovu cha uzito kiko mbele ya magurudumu makubwa;
- gurudumu la tatu likiwa mkiani, kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa.

Hiyo tu. Yote yaliyobaki kwenye makala hii yanatokana na mistari hiyo miwili.

Jaribio la gololi

Usiniamini kwa maneno, jaribu nyumbani. Chukua ubao mwembamba wenye urefu wa kama sentimita 30. Upande mmoja weka ekseli ya waya na magurudumu mawili uliyoyakata kwenye ndala chakavu, kama zile gari tulizotengeneza utotoni. Hakikisha hayakati kona, yanaviringika mbele na nyuma tu. Upande wa pili gundisha kizibo cha soda kikiwa mdomo chini, na ndani yake weka gololi iliyopakwa mafuta kidogo, ili upande huo uteleze kwenda kokote. Funga jiwe katikati ya ubao.

Sasa tafuta sakafu laini ya saruji. Sukuma kigari gololi ikiwa mbele, kisha uachie. Kinakwenda sawa. Hata ukikisukuma kwa pembeni kidogo, kinajirekebisha chenyewe. Hiyo ndiyo ndege yenye gurudumu puani.

Geuza. Sukuma gololi ikiwa nyuma, uachie. Kitakwenda hatua chache, kitaanza kupinda, kisha kitajizungusha mpaka gololi iwe mbele. Rudia mara kumi. Utabadilisha upande kinaokwenda, kushoto au kulia, lakini kugeuka kitageuka.

Kwa nini? Gurudumu linaviringika kwa urahisi kuelekea mbele, ila ukilisukuma ubavuni linakataa, linashika ardhi. Uzito nao una tabia yake: ukishaanza kwenda upande fulani, unataka kuendelea kwenda huohuo. Pua ikipinda kidogo kushoto, magurudumu yanataka kufuata pua, ilhali uzito bado unakwenda kulekule mwanzo. Kama uzito uko mbele, unayavuta magurudumu nyuma yake na kila kitu kinanyooka. Kama uko nyuma, unayasukuma, na msukumo huo unaizidisha ile kona iliyokwisha kuanza.

Fikiria mkokoteni wa ng'ombe, ile inayopita kila siku vijijini kwetu. Ng'ombe wakitangulia, mkokoteni unafuata wanakokwenda. Wafunge nyuma wausukume, uone kama utafika shamba.

Kosa linalojizalisha

Hapa ndipo hukumu ya mjomba inapoanza kuyumba. Kwenye ndege yenye gurudumu mkiani, kosa dogo halibaki dogo. Nguvu inayoizungusha ndege inategemea jinsi ilivyokwisha kupinda. Ikipinda zaidi, nguvu nayo inaongezeka, na nguvu ikiongezeka ndege inapinda zaidi. Ni kama deni la riba kali: linakua kutokana na ukubwa wake lenyewe.

Tuchukue namba za mfano. Tuseme kosa linaongezeka maradufu kila nusu sekunde, na pua imepinda nyuzi 1 tu, kiasi ambacho jicho halioni. Baada ya nusu sekunde ni nyuzi 2. Sekunde moja, nyuzi 4. Sekunde moja na nusu, nyuzi 8. Sekunde mbili, nyuzi 16. Sekunde mbili na nusu, nyuzi 32, na hapo hata wewe uliyesimama pembeni unajua kuna shida.

Sasa piga hesabu ya upande wa rubani. Mtu anahitaji sehemu ya sekunde kuona, kuamua na kusogeza mguu. Akianza kurekebisha kwenye nyuzi 2, anagusa pedeli kidogo na yamekwisha. Akichelewa sekunde moja tu, lile tatizo limekuwa mara nne. Akisubiri mpaka aone waziwazi kwamba pua inakwenda, huenda hata akikanyaga pedeli mpaka mwisho haitoshi.

Halafu ndege inapokata kona kali kwa kasi, uzito wake unaegemea upande wa nje, kama abiria wa daladala dereva anapokata kona bila kupunguza mwendo. Kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 15, nguvu ya kuisukuma pembeni inafika mara moja na nusu ya uzito wa ndege yenyewe. Ndege ndefu kwenda juu, yenye miguu iliyokaribiana, haiwezi kuhimili hiyo. Inainama, bawa la nje linagusa, mguu wa nje unakunjika. Ndiyo maana pua ilipokwenda kushoto siku ile, bawa lililochota udongo lilikuwa la kulia.

Usukani unachoka, matairi yanaamka

Pengine unajiuliza: ikiwa ndege hizi ni kaidi kiasi hicho, mbona hazigeuki zinapogusa tu ardhi, wakati ziko kwenye kasi kubwa?

Jibu liko mkiani. Pale nyuma kuna pezi lililosimama wima, na sehemu yake ya nyuma ni usukani ambao rubani anauendesha kwa pedeli. Hewa ikipita kwa kasi, pezi linainyoosha ndege kama manyoya yanavyonyoosha mshale. Ila nguvu ya hewa hufuata kipeo cha pili cha kasi. Kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki robo. Kasi ikipungua mpaka theluthi, inabaki sehemu moja ya tisa.

Wakati huohuo mabawa nayo yanaacha kunyanyua. Uzito uliokuwa bado umebebwa na hewa unashuka kwenye matairi, matairi yanashika ardhi barabara, na ile nguvu ya kuizungusha ndege inapata mahali pa kujikita.

Kwa hiyo kuna kipindi cha katikati kilicho kibaya zaidi: ndege haina kasi ya kutosha usukani ufanye kazi vizuri, lakini ina kasi ya kutosha kuivunja. Kipindi hicho kinakuja baada ya kugusa ardhi, wakati watazamaji wameshaanza kupiga makofi. Ndicho kipindi ambacho rubani naye anapumua na kulegeza miguu.

Upepo, joto na udongo wa Katavi

Mpaka hapa sijataja upepo. Tuutaje.

Kiangazi, tuseme Juni mpaka Oktoba, upepo unaotawala kwetu hutoka kusini-mashariki. Kiwanja chenyewe hakigeuki kuufuata. Ukikijia ndege ubavuni, unalisukuma lile pezi la mkia, na pua inataka kuelekea kule upepo unakotoka. Upepo wa kilomita 18 kwa saa kutoka ubavuni si mkali. Ndege ikikimbia kilomita 72 kwa saa, hewa inaifikia kwa pembe ya kama nyuzi 14 kutoka mbele. Ikishapungua mpaka kilomita 18 kwa saa, upepo uleule unaifikia kwa nyuzi 45. Upepo haujaongezeka hata chembe. Ndege ndiyo imepungua, na sasa upepo una sauti kubwa kuliko usukani. Ongeza kisulisuli, kile kinachoinuka mchana bila taarifa na kuzungusha majani makavu, na unapata ile nyuzi moja ya kwanza bila rubani kukosea kitu.

Joto nalo lina mchango. Mji wa Mpanda uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Siku ya nyuzi 32 kwenye mwinuko wa mita 1,000, ndege inahitaji mwendo halisi unaozidi kwa karibu asilimia 10 ule ambao ingehitaji pwani siku ya wastani, ndipo mabawa yapate kuibeba vilevile. Kipimo cha kasi mbele ya rubani hakimwonyeshi tofauti hiyo, kwa sababu nacho kinategemea hewa hiyohiyo. Asilimia 10 inaonekana ndogo, lakini nishati mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ni karibu asilimia 20 zaidi ya nishati ya kutuliza kwenye vumbi.

Kutua upepo ukiwa mgongoni ndiyo balaa zaidi. Ndege inayotua kwa kilomita 70 kwa saa hewani, ikipokea upepo wa kilomita 10 usoni, inagusa ardhi kwa 60. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, inagusa kwa 80. Nishati inazidi kwa karibu asilimia 78, na usukani unapoteza nguvu mapema wakati ardhi bado inapita kwa kasi.

Na udongo je? Tairi moja likiingia kwenye sehemu yenye maji, kwenye mchanga au kwenye shimo la ngiri, linavutwa nyuma wakati mwenzake anakwenda. Nyuzi moja hiyo, umeshaipata.

Basi kwa nini zisiachwe?

Swali zuri, na dunia kwa sehemu kubwa imeshalijibu. Zamani mpangilio wa mkiani ulikuwa wa kawaida kabisa. East African Airways ilipoanza mwaka 1946 ilitumia Dragon Rapide, ndege ya mabawa mawili yenye gurudumu mkiani, na baadaye DC-3, yenye mpangilio huohuo. Bernhard na Michael Grzimek walipohesabu wanyama Serengeti mwaka 1958, Dornier Do 27 yao iliyochorwa milia ya punda milia nayo iliketi kwa mkia. (Michael alifariki na ndege hiyo Januari 1959, lakini chanzo kilikuwa kugongana na tai angani, si gurudumu.) Kisha kampuni ya Cessna ikachukua ndege yake ya 170, yenye gurudumu mkiani, ikalihamishia puani, na mwaka 1956 ikaiuza kama 172. Ikawa moja ya ndege zilizotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani. Watu walipenda ndege inayojinyoosha yenyewe.

Lakini gurudumu la puani lina bei yake. Linakaa kwenye mguu mrefu, karibu na propela, na ndilo linalokutana na shimo kwanza. Kwenye kiwanja cha nyasi na vichuguu, mguu huo ukivunjika, propela inalima. Gurudumu la mkiani ni dogo, jepesi, limebeba uzito kidogo tu, na propela inabaki juu, mbali na mawe na majani. Kwa kazi ya kuruka polepole juu ya miti na kutua mahali ambapo jana palikuwa na nyati, faida hiyo ni kubwa. Ndiyo maana Super Cub, Husky na Cessna 185 zimeendelea kufanya kazi za uhifadhi Afrika Mashariki. Mwenye ndege anachagua: shida imkute kwenye shimo, au imkute kwenye miguu ya rubani.

Rubani anafanya nini?

Kwanza, anahakikisha pua inatazama kulekule ndege inakokwenda kabla magurudumu hayajagusa. Akigusa ardhi huku ndege inakwenda upande, ameanza na kosa kubwa badala ya dogo.

Pili, miguu yake haitulii. Anagusa kulia, kushoto, kulia, midundo midogo ya haraka, na hasubiri kuona kosa. Jaribu kusimamisha fimbo ya ufagio kwenye kiganja: mkono haukai kimya hata sekunde, na ukiungoja ufagio uiname kwanza, umeshaanguka. Ni tatizo lilelile la fizikia.

Tatu, mkia ukishakuwa chini, anavuta fimbo ya kuongozea mpaka kwake, ili gurudumu la nyuma likandamizwe ardhini na lisaidie kuongoza. Upepo ukitoka ubavuni, analaza vibao vya mabawa kuelekea upepo, ili bawa la upande huo lisinyanyuliwe. Breki anazigusa kwa uangalifu: breki ya upande mmoja inaweza kunyoosha ndege, lakini akizikanyaga zote kwa nguvu, ndege inaweza kusimama kwa pua.

Nne, akiona mapema kwamba hali si nzuri na bado ana kasi na kiwanja mbele, anaongeza moto na kuondoka, azunguke ajaribu tena. Hakuna aibu.

Haya hayaji kwa kusoma makala kama hii. Marekani, kwa mfano, rubani mwenye leseni haruhusiwi kuongoza ndege ya namna hii kama rubani mkuu mpaka mwalimu athibitishe kwa maandishi kwamba amefundishwa, isipokuwa wale waliokwisha kuzirusha hivyo kabla ya tarehe 15 Aprili 1991. Leseni ya kawaida haitoshi, kwa sababu miguu iliyozoea ndege inayojinyoosha yenyewe imejifunza kupumzika.

Mjomba, tumalizie

Likizo iliyopita nilimrudia mjomba na kigari cha gololi. Nikakisukuma sebuleni, gololi mbele, kikaenda mpaka ukutani. Nikakigeuza, kikazunguka katikati ya chumba. Akakiomba, akajaribu mwenyewe mara nne, tano, akijitahidi kukisukuma sawasawa kabisa. Kila mara kilizunguka.

"Kwa hiyo yule hakulala?" akaniuliza.

Nikamwambia inawezekana alilala, mjomba. Ila labda ni kwa nusu sekunde, baada ya safari ndefu, akiwa tayari ameshatua na sisi tunampigia makofi. Angekuwa kwenye Caravan, nusu sekunde hiyo isingeonekana na mtu yeyote. Kwenye ndege ile, ilitosha.

Kwa hiyo siku ukiwa Sitalike au Ikuu na ukaona kindege kinatua kikiwa kimeketi kwa mkia, usipige makofi mapema. Ngoja kisimame, propela ikome kuzunguka, rubani atoe miguu yake kwenye pedeli. Hapo ndipo ametua.